Nitajuaje mbunge wetu alipiga kura gani bungeni? Tunamwandikia risala

Katibu_Mikanjuni:
Wakuu salaam, hasa wagosi wa Tanga mliomo humu. Nimepewa kazi na imenikaa kooni wiki nzima.

Shule yetu ya msingi (jina nalihifadhi, waliosoma pale watajijua, na jimbo pia sitaji, mkoa wetu una majimbo mengi) inafanya sherehe mwezi ujao, sisi wa zamani tumeunda kamati, mimi nikapewa ukatibu kisa eti nina kompyuta. Mgeni rasmi ni mbunge. Sasa mwenyekiti wetu, mzee mmoja fundi cherehani namheshimu sana, juzi kaniletea sentensi kaiandika nyuma ya risiti ya saruji, anataka iingie kwenye risala kama ilivyo: "Mheshimiwa, umekuwa mtetezi wa shule hii, na kura yako bungeni haijawahi kutuacha." Nikamuuliza mzee kura ipi hiyo? Akaniambia "ya bungeni, we andika."

Sikatai kwamba mheshimiwa anatusifia, klipu yake ninayo, dakika tano kaitaja hospitali ya Bombo, kaitaja bandari, kaitaja timu ya Coastal, timu ya African Sports kaisahau kama kawaida yao, halafu mwishoni kabisa kaitaja shule yetu, "shule kongwe iliyotoa viongozi wengi," makofi. Kundi letu la WhatsApp siku ile halikulala. Lakini shule yenyewe ina boma la madarasa mawili limeishia kwenye lenta tangu sijaoa, sasa hivi nina watoto wawili, na ndani ya boma kumeota mpapai umeshazaa, watoto wa darasa la nne wanauangua kwa fimbo. Ndiyo maana nasita kuandika kwamba kura haijatuacha wakati sijui imepigwaje.

Swali langu ni hili, kura za mbunge mmoja mmoja zinaandikwa mahali? Na yale anayosema bungeni nayapata wapi yote, siyo klipu za kuokoteza? Msinicheke, nauliza kweli.

Wa_Barabara_ya_8:
Mgosi andika tu, mgeni rasmi huja na bahasha. Ukianza kumkagua kwenye risala bahasha inarudi mfukoni nyie mnabaki na maturubai ya kukodi.

BintiChumbageni:
😂😂 na African Sports kusahauliwa ndiyo kesi ya kwanza, hiyo ichunguzwe kabla ya kura

Karani_Mstaafu:
Katibu swali lako zuri, nimewahi kufanya kazi za karatasi hukohuko Dodoma, ngoja nikueleze ninavyojua, itakuwa ndefu kidogo kwa hiyo chukua kahawa.

Kila kinachosemwa ukumbini kinaandikwa kwenye Taarifa Rasmi, ndiyo hiyo Hansard, ipo kwenye tovuti ya Bunge, imepangwa kwa mkutano na kikao na tarehe. Unashusha faili la siku unayoitaka, mengine mazito yanakula bando kwa hiyo tafuta sehemu yenye waifai, halafu unatumia ile ya kutafuta neno unaandika jina la shule. Jaribu na tahajia tofauti, waandishi nao ni binadamu. Pia ukifungua ukurasa wa mbunge utaona maswali na michango yake, lakini usiishie kwenye idadi, maana mtu anaweza kuwa na michango mingi na yote ni pongezi.

Sasa kura. Hapa ndipo utakapochoka. Mambo mengi bungeni huamuliwa kwa sauti. Anayeongoza kikao anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unanguruma ndiyooo, wasioafiki waseme siyo, unasikia wachache au husikii kitu, basi walioafiki wameshinda. Ukienda kwenye Hansard utakuta imeandikwa kwenye mabano, hoja ilitolewa iamuliwe, hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Imeisha hiyo. Majina hakuna. Mbunge wako anaweza kuwa alisema ndiyo, alisema siyo, alikuwa anachati, au alikuwa kantini anakunywa chai, karatasi haitakwambia.

Bajeti kuu ndiyo tofauti. Ile mwezi wa sita mwishoni Katibu wa Bunge anaita jina moja moja, mtu anajibu ndiyo au hapana mbele ya watu na wasiokuwepo wanajulikana. Kwa hiyo kura ya jina utakayoipata kila mwaka bila kukosa ni hiyo, na kwa wabunge wa chama kinachotawala jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Soma Katiba Ibara ya 90, Bunge likikataa kupitisha bajeti Rais anaweza kulivunja, nani anataka kurudi jimboni kuomba kura kabla ya wakati wake na mkopo wa gari hajamaliza? Kuna mnadhimu wa chama pia anayehesabu watu wake. Kwa hiyo ukiandika "kura yako haijatuacha" hujasema uongo, ila hujasema kitu.

Katibu_Mikanjuni:
Asante sana mkuu. Sasa kama kura zenyewe ni sauti, mimi mwananchi namshika wapi?

Karani_Mstaafu:
Kwenye maswali ya nyongeza na kwenye shilingi.

Swali la msingi linapelekwa kabla, linajibiwa na waziri au naibu kwa karatasi aliyoandaliwa na wataalamu. Hilo lina uzito wake, lakini lile la nyongeza ndilo linakuonyesha mtu anaijua shule yake au la, maana pale unasimama mwenyewe. Mwingine anasimama anashukuru kwa majibu mazuri halafu anauliza kitu kilekile kilichokwisha kujibiwa. Mwingine anasema boma lina miaka kadhaa, wananchi walichanga mpaka lenta, lini serikali itapaua. Hapo waziri lazima ajibu na jibu linabaki kwenye kumbukumbu, unaweza kulichapa ukaenda nalo halmashauri.

Shilingi ni hivi, bajeti ya wizara ikifika kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiporidhika na maelezo anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri. Shilingi moja siyo kitu lakini waziri atasimama ajieleze na wengine watachangia. Wengi huishika kidogo wakaiachia baada ya ahadi. Ukikuta mbunge wako aliishika kwa ajili ya maboma ya madarasa, hata kama aliiachia, hilo liandike kwenye risala kwa wino mwekundu.

Halafu angalia na michango kwa maandishi. Muda wa kusema ni mdogo, kengele ikilia ndiyo basi, kwa hiyo wabunge wanaruhusiwa kuandika na kuwasilisha. Yanachapwa mwishoni. Huko ndiko utakuta pongezi kwa mganga mfawidhi, kwa mwalimu mkuu, kwa timu ya umiseta, michezo ile ya sekondari, hakuna aliyezisikia siku ile.

Na kama mbunge wenu ni waziri basi futa yote niliyosema, waziri haulizi maswali bungeni, yeye ndiye anayejibu. Hansard yake kuhusu jimbo itakuwa kimya na siyo lazima ina maana amelala.

MtangaUghaibuni:
Nimesoma nikacheka peke yangu kwenye treni. Niko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, huku kura za wabunge ndiyo mchezo wa watu. Baraza la Wawakilishi lina watu 435, tangu 1973 wanatumia kadi ya kielektroniki, anachomeka anabonyeza, ubaoni jina lake linawaka, na siku hiyohiyo orodha iko kwenye intaneti nani ndiyo nani hapana nani hakuwepo. Katiba yao inasema moja ya tano ya waliohudhuria wakitaka kura iandikwe kwa majina lazima iandikwe. Siyo kila kitu lakini, na wao yale mepesi wanapitisha kwa sauti kama nyie tu.

Ila kilichonichekesha ni hicho cha michango ya maandishi maana na huku kipo. Kumbukumbu zao rasmi za Bunge zina sehemu ya nyuma, mbunge anawasilisha karatasi ya kuisifia timu ya sekondari iliyochukua ubingwa, kikosi cha zimamoto cha mji wake kimetimiza miaka mia, mwalimu anastaafu, mtu hakusimama wala hakufungua mdomo, imechapwa tu. Halafu nakala inawekwa kwenye fremu nzuri inapelekwa ukutani kwa wahusika. Nimeziona kwa macho yangu, kwenye kituo cha zimamoto jirani na ninapokaa ipo moja juu ya mashine ya kahawa. Na kuna miswada kibao ya kuipa ofisi ya posta jina la mtu wa pale mtaani, hiyo inapita kama maji kwa sababu haigharimu kitu na hakuna anayeikataa.

Sasa tofauti ni kwamba yule wa zimamoto akitaka kujua mbunge wake alipigaje kura siku pesa za zimamoto zilipokuja mezani, anaangalia jina. Nyie mna fremu bila jina 😅

Wa_Barabara_ya_8:
Sisi hata fremu hatuna mkuu, tuna klipu.

Chongoleani_Pwani:
Mimi naona mnamwonea mbunge, na siyo kwamba nampenda. Watu wetu wanadhani mbunge anaenda Dodoma kugawa hela. Ibara ya 99 imefunga hiyo njia, mambo ya kodi na matumizi hayajadiliwi mpaka yaletwe na Rais kupitia kwa waziri. Mbunge hawezi kusimama na mswada wa kupaua boma lenu.

Chukua mfano wa bandari yetu. Serikali iliweka bilioni 429.1 kuchimba kina kutoka mita 3 mpaka 13 na kujenga gati, zamani meli ilikuwa inatia nanga kule mbali mzigo unaletwa na matishari, sasa inafunga gatini. Mnajua ni wanasiasa wangapi nimewasikia kwenye mikutano uwanja wa Tangamano wakisema "mimi ndiye niliyeleta"? Nimeacha kuhesabu. Bomba la mafuta nalo, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka hapa kwetu Chongoleani, ni mkataba wa nchi na nchi na makampuni, lakini kuna mtu ataniambia kalileta yeye kwa sauti yake bungeni. Sifa haina hakimiliki ndiyo maana kila mtu anajimilikisha.

BintiChumbageni:
Kwa hiyo akisifia bandari anajisifia mwenyewe kiaina. Nimeelewa sasa kwa nini African Sports haitajwi, haina gati.

Mjukuu_wa_Mzee_Sahare:
Habarini, babu yangu amenisikia nasoma huu uzi kwa sauti akataka niandike maneno yake, naandika kama anavyosema.

"Mwanangu katibu, mimi nilipiga kura 1965, nilikuwa nimetimiza umri tu. Chama kilikuwa kimoja lakini wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja alama yake jembe mmoja nyumba, kwa ajili ya sisi na wazee wetu ambao kusoma kulikuwa shida. Wakubwa walikuja kuzungumza maneno matamu. Lakini watu walikuwa wanajua nani anakuja msibani na nani haji. Mwaka ule waziri wa fedha mzima, Paul Bomani, alianguka kule kwao Mwanza. Hatukuwa na hiyo hansadi yenu. Na 2014 kwenye Bunge la Katiba walibishana wiki na wiki kura iwe ya wazi au ya siri, mwisho wakaruhusu zote mbili, mwenye kutaka kusema aseme, mwenye kutaka kuficha afiche. Nikamwambia mke wangu hawa wanaogopana wao kwa wao kuliko wanavyotuogopa sisi. Huyo mwenyekiti wenu mwambie sentensi yake ni nzuri lakini ni ya arusi, siyo ya risala."

Babu anauliza pia huo mpapai ni wa kienyeji au ni ile mifupi ya kisasa.

Katibu_Mikanjuni:
Shikamoo babu! Mwambie ni wa kienyeji, mrefu umeshapita lenta.

Mwl_Mstaarabu:
Naomba niongeze moja watu wanasahau. Acheni bungeni kwanza, kuna mfuko wa jimbo, sheria yake ni ya 2009, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Hela yake siyo nyingi lakini kamati yake mwenyekiti ni mbunge mwenyewe, pale hawezi kusema waziri hakuniletea. Hapo ndipo kura yake ina jina, anakaa mezani anasema hizi mifuko ya saruji iende zahanati hii, hizi bati ziende shule ile. Nenda halmashauri ofisi ya mipango, uliza kwa adabu, orodha ya miradi ya mfuko kwa miaka mitano. Mimi nilienda nikaambiwa nirudi Jumatatu, nikarudi Jumatatu, nikaambiwa mhusika yuko semina, mara ya tatu nilienda na maandazi na mbaazi nikaipata dakika kumi. Sisemi mpeleke maandazi, nasimulia tu.

Na ukiipata isome vizuri. Shule yangu ilikuwepo kwenye orodha na bati zilifika kweli, nilizihesabu mwenyewe zikishushwa kwenye Fuso, pungufu sita kuliko karatasi. Sita hizo hadi leo.

Wa_Barabara_ya_8:
Sita zipo kwenye banda la kuku la mtu.

Katibu_Mikanjuni:
Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita, kazi nimeifanya na macho yananiuma.

Nilikaa kwenye duka la rafiki yangu pale Mgandini lina waifai, nikashusha Hansard za bunge la bajeti za miaka minne, siyo zote jamani, zile za wizara za elimu na tamisemi na siku za maswali. Jina la shule limetokea mara tatu. Ya kwanza ndiyo ile ya klipu, "shule kongwe iliyotoa viongozi wengi" na kwenye mabano Makofi. Ya pili ni siku wanafunzi wetu walipopelekwa Dodoma kutembelea Bunge, wametajwa kwenye wageni, wasimame, karibuni sana, wamekaa. Ya tatu ilinifanya nipigie meza mpaka mwenye duka akanitazama. Ipo kwenye swali la nyongeza, mheshimiwa anauliza kabisa, wananchi wamejenga kwa nguvu zao mpaka usawa wa lenta, je, ni lini serikali itakamilisha? Naibu waziri akajibu kwamba serikali inatambua juhudi za wananchi na itaendelea kutenga fedha kadri zinavyopatikana. Hiyo ina miaka mitatu sasa. Nilikuwa sijui kama aliuliza, na nakiri nilishamhukumu kichwani kwangu.

Kwenye kura za bajeti jina lake nililitafuta, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mwaka mmoja yupo kwenye wasiokuwepo. Karani alisema kweli, haikuniambia chochote.

Orodha ya mfuko wa jimbo niliipata mara ya pili tu, bila maandazi mwalimu 😂. Shule yetu haimo hata mwaka mmoja. Shule mbili za jirani zimo, na moja wapo ndiyo ile iliyopo njia ya kwenda kwake.

Nimekaa na mwenyekiti jana baada ya alasiri kwenye kibaraza chake, cherehani bado ina shati la mtu limebanwa kwenye sindano. Nikamsomea vyote. Akanyamaza, akavua miwani, akaniuliza hiyo karatasi ya swali unayo? Nikampa. Akaisoma mara mbili kwa kidole. Akasema basi hii ndiyo tuiweke, futa yangu.

Kwa hiyo sentensi sasa inasomeka hivi: "Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuliuliza bungeni suala la boma letu. Naibu Waziri alijibu kwamba fedha zitatengwa. Mpaka leo hatujaziona, na katika mfuko wa jimbo shule yetu haijawahi kupangiwa. Tunaomba baada ya risala hii uambatane nasi hatua sitini kutoka meza kuu ukalione boma."

Hatua sitini nimezipima mwenyewe. Mwalimu mkuu kasoma kasema yeye hajaona hiyo karatasi na asiulizwe. Mwenyekiti kaongeza kitu kimoja tu, kwamba mpapai usikatwe kabla ya siku hiyo.

Wa_Barabara_ya_8:
Bahasha imekufa.

BintiChumbageni:
Siku hiyo nakuja, mnipangie kiti karibu na mpapai.

Mjukuu_wa_Mzee_Sahare:
Babu anasema yeye pia, ila mumtafutie bajaji, na mumwekee papai moja.